Kabla ya Figo Mpya: Kwa Nini Mgonjwa Huulizwa Habari za Nyumbani

Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine hujua kwamba safari ya kupandikizwa figo ina vipimo vingi. Atapimwa kundi la damu, moyo, mapafu, homa ya ini na virusi vya Ukimwi, na tishu zake zitalinganishwa na za ndugu aliyejitolea. Asichokitarajia ni kuandikiwa miadi na daktari wa afya ya akili, kisha na afisa ustawi wa jamii. Hapo familia nyingi hushtuka. Kuna wanaodhani hospitali imemwona mgonjwa wao ana wazimu, na kuna wanaodhani ni kizingiti kingine cha kumtoa mtu pesa. Tangu habari za biashara ya figo zilipoitikisa Kenya mwaka 2025, kuna pia wanaohisi wanahojiwa kama washukiwa.

Mashaka hayo yana msingi, kwa kuwa mahojiano hayo hubeba kazi zaidi ya moja. Daktari anataka kukisia nani ataweza kuitunza figo mpya. Anataka pia kumkinga mgonjwa na mtoaji wasidhurike. Na katika nchi ambako viungo hugombewa, mahojiano hayohayo huamua nani apate na nani akose. Kila kazi ina mantiki yake na hatari yake. Zikichanganywa, mgonjwa hajui kama aliyekaa mbele yake ni mtabibu, mlinzi au hakimu.

Yanayoulizwa

Maswali yenyewe ni ya kawaida kuliko yanavyovumishwa. Mgonjwa anauelewaje ugonjwa wake? Je, anajua kwamba figo ya kupandikizwa nayo huchoka, na kwamba huenda siku moja akarudi kwenye mashine? Amekuwa akihudhuria usafishaji damu bila kukosa? Anatumia pombe, sigara, bangi, mirungi? Amewahi kuugua sonona, au kujaribu kujiua? Anaishi na nani, na nani atamsindikiza kliniki wiki za mwanzo, wakati damu hupimwa mara kwa mara? Dawa zikiisha tarehe 20 na mshahara ukawa bado, nani atanunua?

Swali hilo la mwisho limetokana na baolojia. Kinga ya mwili hukitambua kiungo cha mtu mwingine kuwa ni kigeni na hukishambulia, hata kama kimetoka kwa mama mzazi. Kinachoizuia ni vidonge, na kwa wengi takrolimusi ndiyo nguzo. Kwa kawaida humezwa kila baada ya saa 12: aliyemeza saa mbili asubuhi atameza tena saa mbili usiku, awe msibani, awe safarini, awe kwenye mfungo baada ya kushauriana na daktari wake. Hata balungi huondolewa mezani, kwa sababu hupandisha kiwango cha dawa hiyo katika damu. Dozi zikirukwa, figo huanza kuharibika bila maumivu yoyote. Mtu hujiona mzima mpaka kipimo cha kreatinini kitakapotoa majibu mengine.

Upande wa akili nao una sababu za kitabibu. Prednisoloni, hasa kwa dozi kubwa za mwanzo, inaweza kumkosesha mtu usingizi, kumtia hasira za ghafla, kumfanya achangamke kupita kiasi au kuona visivyokuwepo. Daktari asiyejua mgonjwa alikuwaje kabla ya upasuaji atashindwa kupambanua dawa na maradhi. Kwa hiyo kutumwa kwa daktari wa akili hakuna maana ya kuitwa mwendawazimu. Ni jambo ambalo muuguzi angeweza kulieleza kwa dakika mbili, na lisipoelezwa hugeuka uvumi wa miezi.

Vituo vingine havitegemei mazungumzo matupu, bali vina fomu ya alama. Inayojulikana zaidi ni SIPAT, iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Stanford na kuchapishwa mwaka 2012. Ina vipengele 18 vilivyogawanywa katika maeneo manne: uelewa na utayari wa mgonjwa, msaada wa watu wake, afya ya akili, na matumizi ya vilevi. Alama zikiwa chache mgonjwa anahesabiwa yuko tayari. Zikipanda, kamati inaanza kukuna vichwa.

Kamati ya Seattle

Asili ya maswali haya si upandikizaji. Ni mashine ya kusafisha damu. Mwaka 1960 daktari Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alibuni mrija wa Teflon uliobaki mkononi mwa mgonjwa, ikawezekana kumsafisha damu tena na tena bila kumtoboa mishipa upya kila mara. Ugonjwa uliokuwa ukiua ndani ya wiki chache ukawa ugonjwa wa kuishi nao. Lakini mashine zilikuwa chache na wagonjwa wengi, basi madaktari wakaunda kamati ya raia saba: mwanasheria, mchungaji, mtu wa benki, mama wa nyumbani, afisa wa serikali, kiongozi wa chama cha wafanyakazi na daktari wa upasuaji. Majina yao yalifichwa.

Madaktari waliwachuja kwanza wasiofaa kitabibu. Waliobaki waliamuliwa na kamati, nayo ikatazama umri, ndoa, idadi ya wategemezi, kipato, elimu, kazi, utulivu wa hisia na mchango wa mtu katika jamii. Novemba 1962 mwandishi Shana Alexander aliyaanika mambo hayo katika jarida la Life, na Marekani ikashangaa kusikia kwamba kuhudhuria kanisani au kuwa na watoto kunaweza kumwokoa mtu. Wakosoaji walisema wazi kwamba vipimo hivyo vilimpendelea mtu wa tabaka la kati aliyefanana na wanakamati wenyewe. Msanii asiye na kazi maalumu, au mpweke mwenye mawazo yake, hakuwa na pa kuponea.

Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoifanya bima ya serikali kuwalipia karibu wagonjwa wote wa figo waliofikia hatua ya mwisho. Mashine zikaongezeka, kamati ikakosa kazi. Viungo, kwa upande wake, havikuongezeka kwa kutengewa bajeti. Maswali ya Seattle yakahamia kwenye kliniki za upandikizaji, safari hii yakiulizwa na wataalamu wenye shahada na kuandikwa kwa lugha ya kitaalamu. Yapo yaliyochujwa vizuri, na yapo yaliyobadilishwa jina tu.

Wanaotetea mchujo

Wanaoutetea wana kisa wanachokipenda. Septemba 1998, mjini Lyon, Ufaransa, timu ya Jean-Michel Dubernard ilimpandikiza mkono wa mfu raia wa New Zealand, Clint Hallam. Dunia ilishangilia. Muda mfupi baadaye ikajulikana kwamba alikuwa ameupoteza mkono wake gerezani, jambo ambalo hakuwaambia madaktari. Hakuuzoea mkono mpya, aliuona kama si wake, na akaacha dawa. Februari 2001 mkono huo ulikatwa jijini London, kwa ombi lake mwenyewe. Kwa upande wa pili, Januari 1999 madaktari wa Louisville, Marekani, walimpandikiza mkono Matthew Scott baada ya kumchunguza kwa kina, kiakili na kijamii, na mkono huo ukamfaa kwa miongo.

Hoja inayojengwa juu ya kisa hicho ni nzito. Upasuaji uliofanywa kwa ustadi ulishindwa na kitu ambacho hakionekani kwenye picha ya eksirei. Zaidi ya hapo, kiungo cha marehemu ni amana. Familia iliyofiwa imekitoa bure, na Marekani peke yake kuna watu zaidi ya 100,000 wanaosubiri. Kumpa anayejulikana kwamba ataacha dawa ni kumnyima aliyeko nyuma yake kwenye foleni.

Udhaifu wake umejificha katika neno “anayejulikana”. Kisa kimoja kinachosisimua kinathibitisha kwamba jambo muhimu linaweza kufichwa lisionekane. Hakithibitishi kwamba wakaguzi wana jicho la kuliona.

Je, mahojiano hutabiri?

Mwaka 2007 Mary Amanda Dew wa Pittsburgh na wenzake walikusanya tafiti 147 kuhusu watu waliopandikizwa viungo na namna wanavyofuata masharti. Waliopandikizwa figo ndio walioongoza kwa kutomeza dawa ipasavyo: visa 36 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka, ilhali waliopandikizwa viungo vingine walikuwa kati ya 7 na 15. Pengine ni kwa sababu figo ikishindwa mashine bado ipo, na moyo ukishindwa hakuna mashine ya kurudia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Lililowagusa wanaofanya tathmini ni jingine. Umri, jinsia, na hata msaada wa familia, ambao karibu kila kituo huupa uzito mkubwa, vilikuwa na uhusiano mdogo na umezaji wa dawa. Utumiaji wa vilevi kabla ya upandikizaji ndio uliotabiri utumiaji wa vilevi baadaye. Hii haina maana kwamba mke, kaka au jirani hana faida. Waliopandikizwa, ambao ndio waliochunguzwa, walikwishachujwa, kwa hiyo wengi wao walikuwa na watu. Hata hivyo, kigezo kinachoweza kumfungia mtu mlango kinapaswa kuwa na ushahidi mzito kuliko huu.

Wakosoaji wanaanzia hapa. Kigezo cha msaada wa familia, wanasema, humwadhibu mpweke, mhamiaji, yatima, na mwanamke aliyeachwa baada ya kuugua. Kigezo cha utii humwadhibu anayechelewa kliniki kwa kukosa nauli. Na mahojiano yenyewe humpendelea anayejua kuzungumza na madaktari.

Kuna pia tatizo la wakati. Figo zikifa, taka za mwilini hupanda hadi kwenye ubongo: mtu huwa mzito wa kufikiri, husahau, hupoteza hamu ya kula na ya kuishi. Ukimhoji siku ambayo amekosa kusafishwa damu, utaandika kwamba ana sonona kali na hana uelewa. Ukimhoji siku moja baada ya mashine, huenda ukakutana na mtu mwingine kabisa. Mgonjwa wa ini naye, amonia ikimpanda, anaweza hata kusahau leo ni siku gani. Ripoti iliyoandikwa kwa kikao kimoja inaweza kuwa inapima ugonjwa uleule ambao upandikizaji ungeuondoa.

Visa viwili vya Marekani vimekuwa vikirudiwa kila mjadala huu unapozuka. Mwaka 1995 Sandra Jensen, mwanamke wa California mwenye ulemavu wa Down, alihitaji moyo na mapafu. Hospitali mbili zilimkataa kwa hofu kwamba hataweza kufuata ratiba ya dawa, ingawa alikuwa akiishi kwa kujitegemea na kuwatetea watu wenye ulemavu. Kelele zilipopigwa, mmojawapo wa milango hiyo ulifunguliwa, naye akapandikizwa Januari 1996. Aliishi zaidi ya mwaka, na California ikatunga sheria ya kuzuia mtu kunyimwa kiungo kwa sababu ya ulemavu peke yake.

Kisa cha pili ni kichungu zaidi. Mwaka 2013 kijana wa miaka 15 wa jimbo la Georgia alikataliwa kuwekwa kwenye orodha ya moyo kwa maelezo kwamba hana historia nzuri ya kufuata matibabu. Watetezi wa haki wakalalamika kwamba amehukumiwa kwa umaskini na rangi yake, uamuzi ukageuzwa, akapandikizwa. Mwaka 2015 alikufa kwa ajali ya gari akikimbizwa na polisi. Pande zote mbili humtumia kama ushahidi. Wa kwanza husema madaktari walikuwa sahihi. Wa pili hukumbusha kwamba hakufa kwa kuacha dawa, na kwamba kipimo cha umezaji wa vidonge hakikuwahi kuwa kipimo cha tabia njema. Hawa wa pili wana hoja yenye nguvu zaidi: hospitali ikianza kukisia nani ataishi maisha ya heshima, imerudi Seattle.

Somo la pombe

Hakuna pahali ambapo tabibu na hakimu wamechanganyika kama kwenye ini la mlevi. Kwa miaka mingi vituo vingi vya Marekani na Ulaya vilidai miezi sita bila pombe kabla ya kumwandikisha mgonjwa. Sehemu ya sababu ni ya kitabibu, kwani ini la aliyeacha pombe wakati mwingine hupata nafuu lenyewe. Sehemu nyingine ni hofu ya magazeti. Mcheza mpira George Best alipandikizwa ini London mwaka 2002, akarudia kunywa hadharani, na alipofariki Novemba 2005 Waingereza walikuwa wamekwisha kubishana kwa miaka mitatu kama ini lile lilipotea bure.

Mwaka 2011 madaktari wa Ufaransa na Ubelgiji, wakiongozwa na Philippe Mathurin, walitoa matokeo ya wagonjwa 26 wenye uvimbe mkali wa ini utokanao na pombe ambao dawa zilikuwa zimewashinda. Waliwapandikiza bila kuwasubirisha miezi sita. Baada ya nusu mwaka asilimia 77 walikuwa hai, na kati ya wagonjwa wa kulinganishwa nao ambao hawakupandikizwa walibaki asilimia 23. Watatu kati ya wale 26 walirudia pombe.

Utafiti huo hunukuliwa kama kifo cha tathmini, nao unaonyesha kinyume chake. Wale 26 walichaguliwa kwa uangalifu mno: ndugu wa karibu waliokuwa tayari kusaidia, hakuna maradhi makubwa ya akili, na timu nzima ya wahudumu kukubaliana. Kilichoondolewa ni sharti la kalenda. Kilichobaki ni watu kukaa chini na kumchunguza mtu mmoja mmoja.

Figo isiyo na foleni

Hoja hizi zote zimezaliwa katika nchi ambako viungo vingi hutoka kwa marehemu na kugawiwa kwa orodha. Afrika Mashariki haiko hivyo. Kenya imekuwa ikipandikiza figo kwa miongo, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na baadaye Eldoret. Tanzania ilianza Muhimbili Novemba 2017, ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma mwaka 2018. Rwanda ilianza katika Hospitali ya King Faisal mwaka 2023, na Uganda ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Mulago Desemba mwaka huohuo, miezi michache baada ya kupata sheria yake. Kote huko figo zimetoka kwa watu walio hai, kwa kawaida ndugu wa mgonjwa. Wanaokwenda India nao, ambao bado ni wengi, husafiri na mtoaji wao.

Hali hiyo inabadili hesabu nzima. Dada akimtolea kaka yake figo, hakuna mgeni aliyenyimwa. Kaka akikataliwa, figo haiendi kwa anayefuata kwenye foleni, inabaki mwilini mwa dada. Hoja kubwa kuliko zote za kumchuja mpokeaji, ile ya kugawa kichache kwa haki, inapoteza miguu. Kuiga fomu ya Stanford bila kulitafakari hili ni kuazima jibu la swali ambalo halijaulizwa.

Kinachobaki ni jambo dogo kwa sura, zito kwa uhalisia. Mtu mzima ameamua kukatwa, na figo yake ikikataliwa na mwili wa nduguye ndani ya mwaka kwa sababu ya dawa kukosekana, sadaka hiyo haina marejesho. Basi mpokeaji aulizwe habari za dawa, tena kwa undani. Harambee ya kulipia upasuaji hujaza ukumbi. Vidonge vya mwaka wa tatu havina harambee. Aulizwe pia, bila kubezwa, kuhusu mitishamba na maombi. Kuna anayeambiwa amepona kwa jina la Mungu na kutakiwa atupe vidonge ili aonyeshe imani, na kuna anayepewa mizizi ya kuchemsha ambayo inaweza kuiua figo au kuvuruga dawa. Mhojiwa akihisi anachekwa, atajibu kwamba hatumii chochote, na faili litasomeka vizuri.

Mtego uko kwenye pesa. Swali la nani atanunua dawa linaweza kugeuka kipimo cha utajiri mchana kweupe. Upande mmoja unasema kumpandikiza asiyeweza kununua dawa ni kumuumiza yeye na mtoaji wake. Upande wa pili unajibu kwamba mashine nayo haina bei nafuu, haina mwisho, na inamfunga mtu asiweze kufanya kazi. Wote wanasema kweli. Tofauti inatokea baada ya jibu kupatikana. Afisa ustawi wa jamii akiandika “hana uwezo” na kufunga faili, tathmini imekuwa ukuta. Akiandika kwamba bima inalipa dawa fulani na hailipi nyingine, kwamba binti yake wa Mwanza ameahidi sehemu, na kwamba pengo limepelekwa kwa hospitali na mfuko wa bima kabla ya tarehe ya upasuaji kupangwa, tathmini imefanya kazi iliyoundiwa.

Mwelekeo huo hauko mbali na ulipofika utaalamu wenyewe. Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2020 unataka kila anayeomba figo afanyiwe tathmini ya kisaikolojia na kijamii. Hapohapo unashauri kwamba aliyekuwa akiruka dawa apewe elimu na ushauri nasaha, na asiye na ndugu wa kumsaidia aangaliwe kama anaweza kujihudumia na kuwa na mpango unaoeleweka. Kusubirishwa kunawahusu zaidi wale ambao maradhi yao ya akili hayajatulia kiasi cha kuvuruga uamuzi wao au kuwatia hatarini.

Anayekatwa bila kuumwa

Ukali uliotumika kwa mpokeaji ungefaa zaidi upande wa pili wa ukuta. Upandikizaji wa figo wa kwanza kufanikiwa, Boston, 23 Desemba 1954, ulihusu mapacha waliofanana, Ronald na Richard Herrick. Swali lililomsumbua Joseph Murray na wenzake lilikuwa la Ronald, aliyekuwa mzima. Kwa haki gani wamkate mtu asiyeumwa, kwa upasuaji usiomfaa mwili wake? Walitafuta ushauri wa viongozi wa dini, wanasheria na madaktari wengine kabla ya kushika kisu.

Katika ukoo wa Kiafrika swali hilo ni gumu maradufu. Uamuzi hufanyika kwenye kikao cha familia, na kikao kina wazee. Kaka mkubwa ana biashara, hawezi kukaa kitandani. Dada wa pili amejifungua juzi. Macho yanatua kwa mdogo asiye na kazi, au kwa mke. Katika nchi nyingi wanawake hutoa figo kuliko wanaume, na wanaume hupokea kuliko wanawake. Hakuna aliyemlazimisha yeyote kwa maneno, lakini anayesema hapana ataishi na sifa ya kumwacha ndugu yake afe.

Dawa ya hali hiyo ni chumba chenye watu wawili: mtoaji na mhojaji, bila shangazi mlangoni. Uingereza humtumia mtathmini huru, ambaye humhoji mtoaji peke yake, mpokeaji peke yake, kisha wote pamoja, kabla ya mamlaka ya tishu za binadamu kutoa kibali. Marekani tangu mwaka 2007 hudai kila kituo kiwe na mtetezi wa mtoaji asiyehusika na matibabu ya mpokeaji. Na kuna desturi ya zamani ya madaktari: mtoaji akisema faraghani kwamba hataki, familia huambiwa tu kuwa hafai kutoa. Wapo wanaoiona kuwa ni uongo wa kitabibu. Lakini daktari anayesema “hafai” bila kutaja sababu hajadanganya sana, na huenda ameuokoa undugu ambao ungevunjika kikaoni.

Udhaifu wa tathmini upande huu ulionekana wazi Aprili 2025. Vyombo vya habari vya Ujerumani viliripoti kuhusu vijana wa magharibi mwa Kenya waliouza figo zao katika hospitali moja binafsi ya Eldoret, huku baadhi ya wapokeaji wakitoka ng'ambo. Serikali ilisimamisha upandikizaji hospitalini hapo na kuunda kamati ya uchunguzi. Kisichopingika ni kwamba karatasi na mahojiano havitoshi pale ambapo anayeuliza analipwa na anayenufaika. Dalali humfundisha kijana kusema ni binamu, humnunulia shati, humpa picha ya pamoja. India, yenye sheria ya viungo tangu mwaka 1994, ina kamati za idhini, na kwa wageni hudai barua ya ubalozi kuthibitisha undugu. Hata hivyo, visa vya biashara ya figo havijakoma huko. Masharti yakiongezwa, ndugu wa kweli wasio na vyeti vya kuzaliwa hucheleweshwa na wengine hufa wakisubiri. Yakilegezwa, dalali hupita.

Iran iliamua njia nyingine kabisa: tangu mwaka 1988 mtoaji hulipwa kihalali chini ya usimamizi. Foleni ilipungua sana. Waliotoa, kama ilivyotarajiwa, ni maskini. Kwa nchi ambazo vijana wake hawana kazi, mfano huo unahalalisha kilekile kilichoripotiwa kufanyika gizani Eldoret.

Mizani ilipolala

Ukizipima hoja zote, mchujo wa mpokeaji kwa misingi ya tabia, upweke au ulemavu hauna nguvu ya kutosha katika mazingira ya Afrika Mashariki. Ushahidi wake wa kutabiri ni mdogo, na foleni inayodaiwa kulindwa haipo. Mahojiano yabaki, lakini matokeo yake yawe orodha ya mambo ya kushughulikia, yenye jina la mhusika na tarehe. Anayekataliwa aandikiwe sababu na apewe nafasi ya kuhojiwa upya na mtu mwingine, siku ambayo damu yake ni safi. Ugonjwa wa akili unaotibika utibiwe kwanza, kama inavyofanyika kwa jino bovu au kifua kikuu.

Kwa mtoaji iwe kinyume. Hapo ukali una maana, na anayeuliza asiwe mwajiriwa wa timu inayosubiri kupandikiza. Gharama yake si kubwa ukilinganisha na vipimo vya maabara vinavyofanyika bila kuhojiwa. Kinachokosekana ni nafasi za kazi za maafisa ustawi wa jamii na wanasaikolojia ndani ya kliniki za figo.

Pengo baya zaidi liko baada ya upasuaji. Mpokeaji hurudi kliniki kila mara kwa sababu ana dawa za kuchukua. Mtoaji akishafunga kidonda hurudi shambani au kwenye bodaboda yake, na hana kinachomrudisha hospitali kupima shinikizo la damu wala kueleza kwamba tangu siku ile halali usingizi. Marekani vituo hutakiwa kutoa taarifa zake baada ya miezi 6, mwaka 1 na miaka 2. Uganda ina sheria changa na Kenya inakagua upya utaratibu wake. Wanaoandika kanuni katika nchi hizo wangeweza kuanza na kifungu hicho, pamoja na kumwekea mtoaji bima itakayomlipia ziara hizo.